Nilichoma Faili Bila Kulifungua

Nina miaka arobaini na tisa, na kabla ya mkasa huu nilikuwa nikijitapa mbele za watu kwamba hakuna jambo linaloweza kunishtua. Hakuna! Nilianguka mnazi nikiwa kijana, nikajipangusa mchanga, nikapanda mwingine siku ile ile. Nimezika watoto wawili. Nimeona mbata zangu, nazi kavu za miezi mitatu, zikiteketea mbele ya macho yangu, nikakaa chini nikamaliza chai yangu.

Basi nisikieni, wasomaji wenzangu... Kilichokuja kunitetemesha hakikuwa moto wala nyoka. Kilikuwa faili la karatasi, limekaa kimya rafuni, mchana kweupe.

Nilizaliwa Miburani, hapa hapa Mafia. Darasani nilikaa miaka miwili tu, baba akafa, akaniachia panga moja. Kwa panga hilo nikawa mkwezi wa minazi ya watu. Nikafua nazi za watu mpaka viganja vikawa kama ngozi ya papa. Nikanunua minazi kumi, ikawa arobaini, ikawa mia na zaidi. Nikahamia upande wa Kirongwe, nikajenga tanuri langu mwenyewe la kukaushia mbata. Sikurithi, sikuiba, sikuoa binti wa tajiri. Mnielewe mapema, mtu anayewasimulia si mjinga wa barabarani!

Ilipokuja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, watu waliacha nyumba zao za mashambani wakaja kukaa pamoja kando ya barabara. Lakini minazi haihami. Ilibaki kule nyuma, mbali na macho ya wenyewe. Ndipo kamati ya kijiji ikaamua kila kaya ifunguliwe faili lake, ndani iandikwe idadi ya minazi, mipaka yake na majirani, mwisho mwenye mali apige dole gumba. Faili hilo ndilo lililokuwa shahidi wako. Likipotea, una nini cha kumwonyesha mtu?

Mwenyekiti nikachaguliwa mimi. Nikachongesha kabati la mvule, nikalitia kufuli kubwa, ufunguo nikauvaa shingoni kwa uzi. Hata kuoga nilioga nao. Nilikuwa nasema kikaoni, "Anayetaka kuingia kabati hili aanze kunikata kichwa!" Watu wanacheka, nami nafurahi.

Karani wetu alikuwa Shomari, mdogo wake mke wangu Mwanahawa. Nilimpigania mimi apate kazi ile. Alisoma mpaka darasa la nane, mwandiko wake mzuri kama wa mashine, na maneno yake matamu. Tulikula sahani moja. Nilimwamini kuliko ninavyouamini mkono wangu wa kushoto.

Mafaili yalipokuwa mengi, ni Shomari aliyekuja na utaratibu wa kadi. Mtu akifa na warithi wake wakagawana minazi, yanafunguliwa mafaili mapya, na lile la zamani linachomwa ili yasije yakagombana. Shomari hakuwa na ufunguo, kwa hiyo yeye anaandika kadi. Juu ya kadi jina la mwenye faili, chini yake mahali lilipo, rafu ya ngapi na la ngapi kutoka kushoto. Alhamisi alasiri kamati inasomewa majina, inaridhia. Kisha kadi zinawekwa kwenye trei barazani, zinalala pale chini ya jiwe, ili mwanakijiji yeyote mwenye neno apite asome. Ijumaa asubuhi mimi nazichukua, nafungua kabati, natoa mafaili, naenda kuyatia katika tanuri langu pamoja na makumbi ya nazi.

Kwa nini sikuchoma Alhamisi hiyo hiyo? Kwa sababu tanuri langu huwashwa Ijumaa! Basi. Sikuona haja ya kupoteza kiberiti.

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, naomba mnistahi. Kusoma kwangu ni kwa kidole na midomo, hata haya mnayoyasoma nimeandikiwa. Sikutaka watu waliokaa barazani wanione mwenyekiti mzima nikinong'oneza herufi kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kuhesabu lakini... nani wa kunishinda kuhesabu? Mimi naupitia mlango wa ghala nikakwambia mna nazi ngapi! Kwa hiyo kwenye kadi nilitazama zile tarakimu tu. Rafu ya pili, la nane. Moja, mbili, tatu... nane. Toa. Mafaili yote yana rangi moja ya kaki, yote yamefungwa kwa kamba. Sikufungua hata moja. Nifungue ya nini, na kamati imekwisha kuridhia?

Ijumaa moja palikuwa na kadi moja tu, ya marehemu mzee Faki. Wanawe wawili walikuwa wamegawana. Pembeni ya kadi palikuwa na mafaili mapya yamefungwa kamba moja, na kijikaratasi cha Shomari kwamba niyapange pale pale nitakapotoa lile la zamani. Nikahesabu, nikatoa la zamani, nikasukumiza yale mapya mahali pake bila kuyahesabu, nikafunga kufuli. Nikalipeleka lile faili tanurini. Likashika moto vizuri sana...

Wiki tatu zikapita. Tukaletewa taarifa kwamba Jumatatu watakuja watu wa wilaya kutoka Kilindoni kuhakiki minazi yote. Kila mwenye mali asimame na faili lake. Minazi ambayo mwenyewe hana faili, iandikwe kwa yule mwenye faili linaloitaja.

Kesho yake akaja Bi Mize. Huyu ni mjane, mama wa makamo ya mama yangu, hana mtoto aliye hai. Ana minazi mia na kumi na mbili aliyoachiwa na mumewe, na hana kingine chochote cha kumlisha.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyekiti hujambo? Mbona kitambi kinazidi? Utaukwea mnazi gani tena wewe?"

Nikacheka. Akasema amekuja alione faili lake, si kwa kunishuku, ila roho yake itulie. Nikamwambia akae, nitamtolea sasa hivi. Nyuma ya mlango wa kabati nilibandika orodha aliyoniandikia Shomari. Nikaitafuta kwa kidole... Mize, rafu ya pili, la nane.

Nikahesabu. La nane. Nikafungua, nikasoma polepole. Jina la mtoto mkubwa wa mzee Faki! La tisa, mtoto mdogo wa mzee Faki. La kumi, nikasoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili. Shomari. Karani wetu Shomari, minazi mia na kumi na mbili!

Nilihisi baridi imeniingia kisogoni ikashuka mpaka unyayoni. Nikarudi kwenye orodha. Mzee Faki, rafu ya tatu, la kumi na mbili. Nikahesabu. Nikalitoa. Nikafungua...

Lilikuwa faili la mzee Faki! Lile ambalo nililichoma! Zima, na dole gumba la marehemu limetulia pale chini, halina hata doa la moshi.

Wenzangu, mmepata kumwona mtu mliyemzika amekaa barazani kwenu? Mimi siku ile nilimwona. Kama hili ni hili... basi lililoungua ni la nani?

Kila kadi nikimaliza nayo huitundika kwenye msumari ukutani. Nikaichomoa ile ya Ijumaa ile. Jina, mzee Faki. Chini yake, rafu ya pili, la nane. Jina lilikuwa la marehemu, njia ilikuwa ya Bi Mize! Kamati ilisomewa jina. Mimi nikafuata njia. Hakuna aliyeyatazama yote mawili pamoja. Na usiku kucha wa Alhamisi kadi ilikuwa barazani chini ya jiwe, mahali ambapo kila mkono unafika.

"Mwanangu, limeshikana na kabati?" Bi Mize aliita kutoka nje.

Nikamwambia kufuli la ndani limekwama, aje Jumatatu. Nilimdanganya mama wa watu! Akanishukuru. Akasema kila siku anamwomba Mungu anipe umri, maana mali yake inalala salama kifuani kwangu.

Nilikwenda kwa Shomari jasho likinitoka kama aliyetoka kufua nazi elfu. Nilimkuta nyuma ya nyumba ananyoa ndevu, kioo kimetundikwa kwenye mpapai. Nikamwonyesha kadi. Nilitegemea atashtuka. Hakugeuka hata shingo.

"Shemeji," akasema, "ufunguo wa kabati ni wa nani?"

Nikaushika ufunguo kifuani.

"Kiberiti cha nani? Tanuri la nani? Mimi kabati lile sijaligusa tangu lichongwe, kijiji kizima kinajua, wewe mwenyewe unalihubiri. Jina kwenye kadi ni la mzee Faki. Sikubadili jina."

"Nitasema!" nikamwambia. "Nitasema ni wewe!"

"Sema. Na mimi nitasema uliniagiza. Shemeji yako, karani wako, utamkatalia vipi?" Akapangusa wembe kwa kidole. "Au unyamaze, nusu ya nazi ziwe zako. Chagua. Lakini mbele ya watu wa Kilindoni mwizi mwenye ufunguo ni mmoja tu."

Niliondoka pale naona njia inacheza. Mimi niliyezunguka kijiji kizima nikijisifu kwamba hakuna wa kuingia kabatini... Hakuingia! Hakuwa na haja. Alinituma mimi, kwa kikaratasi, na mimi nikaenda!

Kutoka siku ile mpaka Jumatatu zilikuwa siku nne. Siku nne hizo zilinizeesha miaka kumi. Gari lolote likinguruma barabarani naingia ndani. Mtu akibisha hodi moyo unaruka. Chakula nakitazama tu. Miaka ile mtu akiitwa mhujumu uchumi hakuulizwa mara mbili, na mwenyekiti aliyechoma faili la mjane ataitwa nani kama si mhujumu? Nilijiona nimefungwa pingu, navushwa bara, wanangu wamesimama pwani wananitazama. Nilikuwa naogopa hata ufunguo wenyewe. Uliniunguza kifuani kama kaa la moto, na kuuvua nikaogopa.

Niliwaza kukimbia. Niliwaza kulichoma kabati zima, isemwe ni ajali. Ndiyo, niliwaza hivyo, siwafichi! Watu tisini na zaidi wangepoteza ushahidi wa mali yao ili mimi nipone. Hofu ndivyo ilivyo, inakufanya uone vitu kama hivyo kuwa na akili.

Jumamosi Bi Mize akaniletea bakuli la vitumbua, bado vya moto. Eti kwa kazi yangu nzuri. Nilivipokea kwa mikono miwili. Sikuweza kumeza hata kimoja.

Mwanahawa alikuwa ananitazama tu. Jumapili mchana akafunga mlango, akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza yote. Alilia, kisha akanishika miguu.

"Baba Fatuma, ukisema umemfunga ndugu yangu. Mama yangu atakufa kwa hili."

"Na nisiposema?"

Akaniachia miguu. Akakaa kitako chini, akajifunika uso kwa kanga. Nani kati yenu angekuwa na neno la kumwambia?

Jumatatu asubuhi nilipoamka nilikuta kanzu yangu imepigwa pasi. Kando yake palikuwa na kifurushi. Nikakifungua. Shuka moja, sabuni kipande, mswaki, na mkate wa kumimina umefungwa kwenye jani la mgomba. Mke wangu alikuwa amenifungia mzigo wa mahabusu. Nikakitia kwapani, nikatoka.

Watu wa Kilindoni walikuja watatu. Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mfupi mwenye miwani, mpole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. Wakaweka meza barazani. Kijiji kizima kimekaa kwenye mikeka. Shomari ameketi na daftari lake, shati jeupe, ananukia. Akanikonyeza!

Wakaanza kuita majina. Mimi natoa faili, mwenyewe anasimama, wanaandika. Kila jina lililoitwa lilikuwa hatua moja kuelekea la Bi Mize. Jasho likadondokea faili la mtu, wino ukatoka.

"Mize, mjane."

Bi Mize akasimama, akajitanda kanga yake vizuri kama anayekwenda kuozesha. Akanitazama akitabasamu.

Nilisimama mbele ya kabati. Nikahisi mkojo unataka kunitoka, mimi mwanamume wa kuanguka mnazi nikapanda mwingine! Nikageuka.

"Halipo," nikasema. "Nimelichoma mimi."

Bi Mize akabaki amesimama, lile tabasamu likakosa pa kwenda.

"Umechoma nini, mwanangu?"

Nikasema yote, kwa sauti ya kukatika katika. Kadi, trei, rafu, tanuri. Nikalitoa faili la mzee Faki, nikalitoa na la Shomari, nikayaweka mezani pamoja na kadi. Nikasema sikufungua, sikusoma, na kwamba kusoma kwenyewe kunanishinda. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma kulisema kuliko yote...

Shomari akaruka juu. Akaapa kwamba nilimwagiza. Akalia machozi kabisa, akasema shemeji yake amemponza. Na watu wakamwamini! Niliona nyuso zikinigeukia moja moja. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Ndiyo maana akatajirika!" Mwingine akasema tanuri langu limejengwa kwa nazi za wajane. Miaka thelathini ya jasho langu ikafutwa kwa sentensi mbili!

Yule bwana wa miwani akainua mkono. Akamwambia Shomari, haya, minazi ni yako, faili linasema hivyo. Tupeleke tukaione.

Tukaenda, msururu mzima. Kufika kwenye mpaka wa kaskazini, Shomari akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Akaonyesha mkorosho. Bi Mize akapaza sauti, "Huo mkorosho niliupanda mimi mwaka juzi, ewe kijana! Mpaka uko huku!" Akatupita, akatembea peke yake kutoka mnazi hadi mnazi, anaugonga kila mmoja kwa kiganja, anautaja. Huu ulipigwa na radi. Huu mume wangu aliupanda siku tuliyooana. Huu hauzai, una tabia za wifi yangu. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe alikuwa analia.

Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Bwana yule alisema yeye anamwamini mama, ila karatasi haipo, na jambo hili ni la mahakama. Minazi ikafungiwa, asiguse mtu yeyote mpaka hukumu. Mimi na Shomari tukapakiwa gari moja kwenda Kilindoni. Nililala mahabusu siku sita. Mle ndani tulikaa ukuta huu na ukuta ule, tunatazamana. Kila mlango ulipofunguliwa nilijua ni mimi ninayeitwa. Mkate wa mke wangu niliukata vipande viwili. Kimoja nikampa. Ni ndugu yake.

Kesi ilikwenda mwaka mmoja na miezi miwili. Bi Mize alishinda, alifunguliwa faili jipya, na dole gumba lake nililiona kwa macho yangu likishuka. Shomari alifungwa, muda sitautaja kwa heshima ya mke wangu. Mimi niliambiwa sikuiba, ila uzembe wangu ndio mlango alioingilia, kwa hiyo hasara ni yangu. Uenyekiti nikavuliwa. Tanuri nikaliuza. Mama mkwe hajanijibu salamu mpaka leo, na Mwanahawa yupo, ananipikia, lakini jina la nduguye halitajwi nyumbani kwetu.

Na mimi bado naogopa. Mtu akinipa karatasi hata ya mwaliko wa harusi, naigeuza kwanza nyuma na mbele.

Ndugu zangu mnaoshika funguo za watu, mnaopiga mihuri, mnaochoma na kufuta! Nawasihi. Mwizi wa siku hizi haji kuvunja kufuli lako. Anajua una nguvu za kufika asipofika yeye, kwa hiyo anakuachia kikaratasi mahali pa wazi, jina zuri juu, njia mbaya chini, halafu anakaa anyoe ndevu zake. Ukipewa kadi ya kukuelekeza, ifuate mpaka mwisho, ukifika fungua utazame kwa macho yako ni nini ulichokishika, ndipo uwashe kiberiti. Na ukikagua kitu leo, kitende leo hiyo hiyo. Usikiache kilale nje kikusubiri, hujui nani atapita hapo katikati. Kama kusoma kunakushinda, sema kunanishinda, usomewe na watu wawili. Aibu ya dakika moja! Mimi niliikwepa aibu ya dakika moja...

Nimelipa nazi za Bi Mize kwa miezi yote kumi na minne ambayo minazi yake ilifungiwa. Nimelipa wapimaji wa mipaka, nauli na chakula cha mashahidi, ada za mahakama na faini. Risiti ninazo zote, na safari hii nimezisoma moja moja, kwa kidole, mbele za watu. Jumla ni shilingi elfu saba, mia mbili na thelathini na sita, na senti sitini.